Malewa Jikoni, Afande Mlangoni

Chuoni kwetu Mbale habari za maana hazikubandikwa ukutani. Ubao wa matangazo tulikuwa nao, tena wenye kioo, lakini ule ulikuwa wa mambo ya kumkosesha mtu hamu ya kula: ratiba ya mitihani, ada, na zamu za kusafisha vyoo. Habari zenyewe, zile za kumtoa mtu kitandani Jumamosi mchana, zilisomwa bwaloni kabla ya chakula. Msomaji alipanda juu ya benchi, akagonga mfuniko wa sufuria kwa mwiko wa posho, yaani ugali, akapaza sauti, "Kimya, wenye njaa!" Muhula ule msomaji nilikuwa mimi, na sitajifanya mnyenyekevu hapa: nilikuwa hodari.

Sheria zilikuwa chache. Ya kwanza, hakuna kutaja jina, mwenyewe atajijua. Ya pili, habari lazima iwe ya kweli, ingawa ukweli uliruhusiwa kuvaa vizuri. Ya tatu ilikuwa ya wasikilizaji. Habari ikiwakuna, walipiga vijiko kwenye sahani zao za bati mpaka wapishi wakatoka kutazama. Isipowakuna, walinyamaza. Ukinyamaziwa mara mbili, unashuka mwenyewe bila kuambiwa, unakwenda kupanga foleni ya maharagwe na uso wako mkononi.

Mwisho wa muhula ndio ulikuwa msimu wa mavuno. Watu wamemaliza mitihani au wanakaribia kuimaliza, akili zimelegea, kila mtu anafanya jambo la kusomwa. "Kuna mwanachuo wa mwaka wa pili," nilisoma Jumamosi moja, "aliyeanua suruali yake kambani akakuta imefupika. Suruali haikufupika. Suruali si yake, na mwenye miguu mifupi anamtafuta." Vijiko. "Maktaba inaomba kile kitabu cha udongo kirudi, hata kama nacho kimeshakuwa udongo." Vijiko. "Bata mzinga wa mwalimu wa kilimo ameonekana mtaani Malukhu, akitembea kama mtu mwenye miadi. Anayefahamiana naye amwambie sherehe imekaribia, ajifiche vizuri zaidi." Hapo walipiga vijiko hadi sahani moja ikatoboka, nayo ikawa habari ya Jumamosi iliyofuata.

Yote hayo nilikuwa nayasoma kwa Kiingereza. Hiyo ilikuwa sheria ya nne, ya mlezi wa wanafunzi, na ndiyo iliyonipa taabu.

Mimi ni mtoto wa kambi. Baba alikuwa sajenti wa magereza Jinja, Mteso. Mama ni Mwacholi. Hakuna aliyemshinda mwenzake kwa lugha, basi nyumbani tukaishi kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha kambini, kisicho na mapambo: njoo, kula, lala, Mungu iko. Kwa lugha hiyo nilibembelezwa, nikachapwa, nikafundishwa kusali. Nje ya ukuta wa kambi ndipo nilipogundua kwamba watu wengine waliisikia vingine. Baba alipomuuliza muuza nyanya sokoni, "Hii bei gani, mama?" yule mama aliacha mara moja kubishana, akatazama chini, akaongeza nyanya juu. Baba alikuwa mtu wa kufuga kuku na kuimba sauti nzito kanisani. Lakini akifungua mdomo watu waliona bunduki, maana kwetu Kiswahili kilikuwa lugha ya askari, na bunduki zenyewe hazikuwa zimepita zamani sana. Alilijua hilo. Ndiyo maana alizoea kumtuma mama sokoni, na yeye mwenyewe, nje ya kambi, akawa bubu.

Kambini, hata hivyo, hakuwa bubu. Kambini alikuwa amewatangazia askari wote kwamba bintiye anasoma habari. "Kama redio," alisema, "lakini huyu iko na miguu." Kila likizo alinikalisha kwenye kigoda, akaniambia, "Haya, soma." Nami nilimfasiria ya suruali na ya bata mzinga, naye akasikiliza kwa heshima, akatikisa kichwa, akasema, "Nzuri." Lakini hakucheka. Habari zile bila benchi, bila mfuniko, bila vijiko, ni chai bila sukari. Unainywa kwa adabu tu.

Sasa, mwisho wa kila mwaka wa masomo tulifanya sherehe ya kuagana pamoja na chuo kidogo cha Jinja, ndugu yetu na adui yetu. Mwaka huu kwao, mwaka ujao kwetu. Netiboli asubuhi, kwaya, halafu mchana, kabla ya kula, wasomaji wa habari wa vyuo viwili walipambana benchi kwa benchi. Mshindi aliondoka na mwiko mkubwa wa kusongea posho, uliochongwa maua kwenye mpini. Kwa muda mrefu sana mwiko huo ulikuwa umetundikwa Jinja, na wao hawakuacha kutukumbusha.

Mwaka ule ilikuwa zamu ya Jinja. Baba akaniletea salamu kwa mdomo wa dereva wa gari la magereza lililopita Mbale: ameomba ruhusa, atakuja kwa miguu kutoka kambini, atakaa mbele, atasikia. Dereva aliongeza la kwake, "Mzee amenyoa ndevu kwa mazoezi." Nilimtuma arudishe jibu kwamba kutakuwa na malewa pia, kile chakula cha watu wa mlimani, maana baba alikuwa na uchu wa malewa usioelezeka. Nikaenda zangu bwenini nikirukaruka, na nilikuwa nimefika ngazi ya katikati ndipo nilipokumbuka. Kiingereza cha baba kilikuwa cha gwaride. Geuka kulia, geuka kushoto, tembea. Angekaa mbele ya watu wote, amenyoa ndevu, na kila mtu angecheka isipokuwa yeye.

Nilikwenda kwa mlezi wa wanafunzi. Alikuwa Mgisu mpole wa makamo, mwenye kitambaa cheupe mfukoni daima, na hakunialika kukaa kwa sababu kiti cha wageni kilikuwa na vitabu.

"Habari moja tu," nikamwambia. "Moja kwa Kiswahili. Zilizobaki Kiingereza."

"Binti yangu, hapana."

"Baba yangu atakuwepo, mwalimu."

"Na mimi nitakuwepo," akasema. Kisha akavua miwani. "Unajua Kiswahili ninachojua mimi? Lala chini. Toa kitambulisho. Nyamaza. Nilikijifunza kifudifudi kwenye matope, barabara ya Tororo, nikiwa na umri wako. Nusu ya wazazi wa wanachuo hawa walikijifunza hivyo hivyo. Siku ya furaha hatuwezi kuwasimamishia mtu juu ya benchi awapigie kelele kwa lugha ile. Ukisoma kwa lugha nyingine yoyote, mwiko nitawaachia wenyeji mimi mwenyewe."

Nilitoka nje. Nilikasirika tu, tena kwa hasira mbaya ile isiyo na mahali pa kwenda, maana yule mzee hakuwa amesema uongo hata neno moja.

Aliyenituliza ni mwenzangu wa chumbani, msichana wa mlimani Wanale aliyecheka hata akiumwa jino. "Soma kwa mikono," akaniambia. "Bata mzinga mzee atamwelewa." Tukafanya mazoezi nyuma ya bweni, pale pa kufulia. Nilifanya suruali iliyofupika kwa miguu, nilifanya bata mzinga kwa shingo, na yeye akakaa juu ya karai akijifanya sajenti asiyejua Kiingereza. Kila mara alishindwa kuzuia kicheko kabla sijafika popote. Hakunisaidia chochote, lakini hasira ilitoka.

Yeye naye alikuwa na jambo lake katika safari ile. Kila mwaka chuo kilichokwenda ugenini kilibeba fungu lake la kuni, ili wenyeji wasielemewe. Ilikuwa desturi tangu zamani. Mwaka ule mlezi akaona ni aibu watu wa mlimani kwenda na kuni kama wachoma mkaa. Akasema, safari hii tupeleke chakula cha kwetu, tuwapikie wenzetu malewa. Na malewa ya sherehe yalitoka kwa mama wa mwenzangu. Kwa asiyeyajua, ni machipukizi ya mianzi kutoka msituni huko juu, yanayofukizwa moshini mpaka yakauke yawe meusi na magumu. Siku ya kuyala unayaloweka, unayachemsha, unayaunga kwa karanga zilizosagwa, halafu hutaki kuitwa na mtu. Yule mama alikuwa ameyafukiza kwa majuma, akayafunga mafungu mafungu kwa kamba za migomba, vizuri ajabu, yamenyooka kama askari. Mwenzangu aliyakalia kwenye lori njia nzima. Tulipita Iganga tukiimba, watu wakanunua ndizi za gonja za kuchoma, yeye hakushuka. "Wakiiba je?" akasema.

Tukafika Jinja mvua inanyesha ya kumwagika. Kila mtu alikimbilia barazani na mzigo wa karibu yake. Mafungu ya malewa tuliyashusha palipo pakavu, chini ya paa la nyuma ya jiko, kando ya rundo la kuni za wenyeji zilizokuwa zimelowa chepechepe. Mlezi alikuwa amewaza kila kitu kuhusu malewa yale isipokuwa kuwaambia wenyeji.

Netiboli tulicheza matopeni, tukashindwa. Sitaki kuizungumzia.

Karibu na saa ya chakula tulikuwa tumekaa bwaloni tukikausha nywele, mimi nikinong'ona karatasi yangu ya Kiingereza, mwenzangu akanyanyua pua. Akanusa. Akanusa tena.

"Nasikia jikoni kwa mayi," akasema, maana kwao mama ni mayi.

"Umekumbuka nyumbani tu."

"Hapana. Ni moshi wa kwetu."

Akaondoka mbio nami nyuma yake. Jikoni tulimkuta mpishi mkuu, mama wa Kisoga mnene mchangamfu, amesimama mbele ya karai la samaki wa ziwani Masese wanaochacharika kwenye mafuta, na chini ya karai moto mzuri wa bluu na manjano. Alipotuona kwamba ni wageni alifungua mikono yote miwili.

"Watu ya Mbare! Mwebale, asante! Kuni yenu nzuri, nzuri kabisa! Yetu yote imerowa, inaria tu moshi. Yenu inawaka kama petroli!"

Mwenzangu aliinama akachungulia mekoni. Kipande cha mwisho cha malewa ya mama yake kilikuwa kinamalizika taratibu, pamoja na kamba yake ya mgomba. Akakaa chini sakafuni. Nilimwinamia nikidhani analia, na kweli machozi yalikuwa yanamtoka, lakini mabega yalikuwa yanaruka. Alikuwa anacheka kicheko kisicho na sauti, kile cha hatari. Nami nikakaa kando yake. Tukashikana mikono. Kila nilipojaribu kusema neno "kuni" mbavu zilinikamata upya.

Msichana mmoja wa jikoni, aliyeyajua malewa, ndiye aliyemweleza mpishi mkuu kwa Kisoga. Uso wa yule mama ulishuka wote kwa pamoja. Akashika kichwa. Kuunguza chakula chako ni bahati mbaya. Kuunguza chakula cha mgeni, tena kukiunguza ukimshukuru, hilo hakuwa na pa kuliweka. "Nimechoma chakula ya wageni," akasema. "Nimechoma chakula ya wageni! Sasa watanifanya nini?"

Na hapohapo mlango ukafunikwa na baba.

Alikuwa amekuja na sare kamili, kwa sababu jioni alikuwa na zamu: kofia, mkanda, buti zenye matope, na ile fimbo fupi ya masajenti kwapani. Mvua ilimfanya aingie kwa mlango wa nyuma. Alichotaka ni kuulizia bwalo liko wapi, lakini baba alikuwa na sauti moja tu ya kuzungumza na watu asiowajua, nayo ilikuwa ya uwanjani.

"Nani mkubwa ya hapa?"

Mpishi mkuu akapiga magoti. Kwao mwanamke hupiga magoti akisalimu, lakini hayakuwa magoti ya salamu yale. "Ni mimi, afande. Mimi ndiyo nirichoma. Hawa watoto ya jikoni hapana kosa."

"Nachoma nini?"

"Marewa, afande. Ya wageni."

Baba akatazama mekoni. Nimeshasema jinsi alivyoyapenda malewa. Alikuwa ametembea kutoka kambini kwenye mvua akiyawaza.

"Yote?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Yote, afande."

"Hata moja hapana baki?"

"Hata moja."

Baba akavua kofia polepole, kama avuavyo makaburini. Mpishi mkuu alipoona afande anavua kofia alijua hukumu imepita, akaangua kilio. Wasaidizi wake nao hawakungoja kuisikia. Walitoka mlangoni wakaingia bwaloni wakipiga mayowe kwamba askari wamekuja kumchukua mama kwa sababu ya kuni za wageni.

Mimi nilikuwa bado sakafuni na pumzi hazijarudi. Nikapata kusema, "Baba, ngoja," lakini baba alikuwa ameshamwinamia yule mama. "Hapana ogopa, mama. Simama. Twende kwa watu." Alitaka kuwaonyesha watu kwamba hakuna neno. Akamshika kiwiko kwa upole, wakaingia bwaloni, afande mwenye sare na mama anayelia. Kama angetaka kufanana na mtu anayekamata, asingeweza kufanya vizuri zaidi.

Bwalo zima lilikuwa kimya. Sijapata kunyamaziwa hivyo hata siku nilipokuwa na habari mbovu. Wazazi waliokuwa mstari wa mbele walikuwa wameweka mikono juu ya magoti, macho chini. Msichana mmoja alikuwa nusu mwili nje ya dirisha, amesahau kuendelea. Mlezi wetu alikuwa amesimama, kitambaa mkononi, na rangi imemtoka.

Nilimwona baba akiviona vyote hivyo. Akamwachilia mpishi mkuu. Akatazama buti zake. Kisha akanigeukia, akaniambia kwa sauti ambayo nadhani ni mimi peke yangu niliyeisikia, "Mimi narudi, mama. Mimi naharibu sikukuu ya watu."

Mama ndivyo alivyoniita tangu nikiwa mdogo. Na ninavyomfahamu, kama angekuwa ameondoka mlango ule siku ile, asingekanyaga tena penye watu wangu, si mahafali yangu, si harusi yangu, wala popote. Sikufikiri. Ule mwiko wenye maua ulikuwa umelazwa mezani ukingoja mshindi. Nikaunyakua, nikapanda benchi la kwanza nililoliona, nikagonga mfuniko wa sufuria ya posho.

"Kimya, wenye njaa!" nikasema, ingawa hakuna aliyekuwa akipumua. Na nilisema kwa Kiswahili.

"Habari zilizotufikia punde hivi kutoka jikoni. Kuni za Mbale zimezishinda kuni za Jinja. Zinawaka vizuri, zinanukia vizuri, na zikichemshwa na karanga, zinaliwa."

Kimya. Nikaona macho yakihama kutoka kwangu hadi kwa baba, kutoka kwa baba hadi kwangu.

"Mama mmoja wa Wanale amefukiza malewa kwa majuma ili watu wa Jinja wale. Watu wa Jinja wakaona wageni hawa wana adabu, wameleta kuni kavu. Wakashukuru. Wakawasha."

Kijiko kimoja. Kilitoka nyuma kabisa, kwa mwenzangu, aliyekuwa ameegemea mlango wa jikoni akijifuta macho, akipiga kijiko kwenye mfuniko kwa sababu hakuwa na sahani. Kisha upande wetu wa Mbale ukaelewa kwa mpigo mmoja kilichoyapata malewa yetu, na ukatoka mlio, sijui kama ni kilio au kicheko, na vijiko vikafuata. Upande wa Jinja wakaulizana, wakafasiriana kwa Kisoga, na kicheko kikawafikia kwa kuchelewa, meza kwa meza.

"Malewa lakini hayakufa bure. Yamewafukiza samaki wa Masese. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Leo mtakula samaki ambao hata ziwa lenyewe haliwajui." Vijiko. "Mpishi mkuu amekiri kosa lake mbele ya afande. Afande hakumuuliza jina. Hakumuuliza kwao. Afande alimuuliza swali moja tu: hata moja hapana baki?"

Hilo nililisema kwa sauti ya baba, mkono kifuani kama ulioshika kofia, na bwalo likapasuka. Mpishi mkuu, machozi bado mashavuni, alikuwa ameshika tumbo. Nilimtafuta baba kwa macho. Alikuwa amesimama palepale mlangoni, mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyeitwa jina lake mahali asipojulikana.

"Na habari ya mwisho," nikasema. "Afande huyu hakuja kukamata mtu. Amenyoa ndevu, ametembea kwenye mvua, amekuja kumsikiliza binti yake akisoma habari. Binti mwenyewe ni mimi. Asiyeamini atazame pua."

Wakatazama. Pua yetu ni ile ya kuonekana kutoka barabara kuu. Nilisikia mtu akisema, "Eh, kweli!" na hapo sahani zikapigwa kama mvua ya mawe, na mpishi mkuu akamtilia baba sahani na kijiko mikononi, akamkalisha mbele kabisa, akamwonyesha jinsi ya kupiga. Baba akapiga. Alipiga kwa mwendo wa gwaride, kushoto kulia, kushoto kulia, peke yake hata wengine walipokuwa wamenyamaza, huku akicheka kwa sauti ile nzito ya kanisani ambayo sikujua kwamba ina kicheko ndani yake.

Mlezi akasimama kutimiza onyo lake. Sheria ni sheria, akasema, mwiko unabaki Jinja. Wetu wakazomea. Lakini nilikuwa nimemtazama wakati nikisoma, na kwa mtu anayejua "lala chini" tu, alikuwa amecheka mapema mno, kabla hata ya Wagisu wenzake kupata maana. Kitambaa chake kilikuwa kimelowa. Alipokaa alisogea kidogo kwenye benchi, na nafasi aliyoiacha ilikuwa upande wa baba. Walikula samaki pamoja. Samaki wale walikuwa na ladha ya moshi wa Wanale, na siwezi kuwaeleza. Mama wa mwenzangu alipokuja kupewa habari alisema Wasoga ni watu wa ajabu, wamekula harufu wakaacha chakula, na akacheka mpaka akakaa chini, kwa hiyo nikajua mwenzangu alikokitoa kicheko chake.

Jioni mvua ilikuwa imekatika. Baba alinisindikiza hadi kwenye lori. Wenzangu walikuwa wameshapanda, wakiimba, wakinilaumu kwa ajili ya mwiko bila kunilaumu sana. Yeye alisimama akiikunja na kuikunjua kofia yake.

"Watoto hawa," akasema, "wao walikuwa nacheka ile habari? Ama nacheka Kiswahili yetu?"

"Habari, baba."

"Kweli?"

"Kweli kabisa. Kiswahili walikisikiliza tu."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, mara kadhaa. Niliingia nyuma ya lori, nikainama ubaoni kumuaga, na ndipo nilipoona kwenye mfuko wa shati la serikali, kando ya kalamu, kijiko cha chuo cha Jinja kikichungulia. Alikuwa amesahau kukirudisha. Nikamwonyesha kwa kidole. Akakitoa, akakitazama, akatazama huku na huku kama mwizi asiye na uzoefu. Kisha akakigonga kwenye ubavu wa lori, kushoto kulia, kushoto kulia, akapaza sauti ile ya uwanjani, barabarani, mbele ya watu wote wa Jinja waliokuwa wakipita, "Mama! Soma tena ya kuni!"

Nikamsomea.